Sinia Lisilouliza Ukoo

Sura ya Quraish ni fupi, aya nne tu, na watoto wa chuoni huihifadhi mapema sana; labda ndiyo sababu watu wazima huisoma katika sala bila kuitafakari. Inawahusu wafanyabiashara wa Makka waliozoea safari mbili kila mwaka, moja ya kipupwe na moja ya kiangazi, na inawadai ibada kwa neema mbili walizopewa na Mwenye Al-Kaaba: chakula badala ya njaa, na amani badala ya hofu. Kwa msikilizaji wa leo neema hizo mbili ni pacha. Tumezoea kuziunganisha katika dua na katika hotuba mpaka tumesahau kwamba zinaweza kutengana. Historia ya Mikese inaonyesha kwamba zilitengana, tena kwa muda mrefu, na kwamba shukrani ya Waislamu wa nchi hii ilipata umbo lake kutokana na utengano huo.

Mikese ni kata ya Morogoro Vijijini, kiasi cha kilomita 30 mashariki mwa mji wa Morogoro, mahali ambapo barabara kuu ya Dar es Salaam na Reli ya Kati zinapita karibu karibu, milima ya Uluguru ikionekana upande wa machweo. Kabla ya lami, na kabla ya reli, palikuwa kituo cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara. Hoja ninayotaka kuijenga ni kwamba shukrani ya hapa haikuishia ulimini wala kwenye sijda. Ilikuwa chakula kilichopikwa hadharani, kikapakuliwa kwenye sinia na kuliwa na yeyote aliyekuwepo, kwa sababu Mikese palikuwa mahali pa watu wa njiani, watu wasio na babu mmoja wala kaburi moja la kwenda kutambikia. Walihitaji namna ya kumshukuru Mungu pamoja bila kuulizana ukoo, na dini iliyokuja na misafara iliwapa namna hiyo. Msomaji mkali atasema misafara hiyo ndiyo iliyobeba pembe na watumwa, kwa hiyo ni neema ya nani inayoshukuriwa? Swali ni la haki, na litajibiwa mahali pake.

Tuanze na hofu, maana ndiyo iliyowapanga watu katika nchi hii. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipopita kusini mwa milima mwaka 1857, akivuka Ukutu kwenda Zungomero, alikuta vijiji vilivyochomwa na wawindaji wa watumwa. Upande wa kaskazini wa milima, mbabe wa Kizigua aliyeitwa Kisabengo alikuwa amejijengea ngome kando ya mto Ngerengere, ngome ambayo ndiyo asili ya mji wa Morogoro, na nguvu zake zilitokana na bunduki na kukamata watu. Baadaye Wambunga nao, ambao pwani waliwekwa katika kundi la Mafiti, wakaongeza kitisho chao. Katika hali hiyo mlima ulikuwa kimbilio. Juu kulikuwa na mvua, vijito visivyokauka na miteremko ambayo mvamizi aliiogopa, lakini shamba lilikuwa la kubanana na udongo wa kutelemka. Chini kulikuwa na ardhi pana ya mtama, mahindi na mpunga, na kulikuwa na soko, maana msafara wa mamia ya wapagazi hula sana. Ila aliyelima chini angeweza kuamka amefungwa kamba. Chakula cha ziada kilikuwa tambarare, usingizi ulikuwa mlimani. Mtu aliyekuwa akipima wapi ajenge kibanda chake hakuhitaji mwalimu wa tafsiri kumweleza kwa nini Qurani inataja njaa na hofu kwa pamoja. Alikuwa akichagua mojawapo kila mwaka.

Zipo aya nyingine zinazozipanga neema hizi kwa mpangilio tofauti, na mpangilio wenyewe ni ushahidi wa jinsi zinavyotegemeana. Nabii Ibrahim, katika sura ya Al-Baqara, anaomba mji uwe na amani kwanza, ndipo anawaombea wakazi wake matunda. Katika sura ya An-Nahl unatajwa mji uliokuwa salama na tulivu, riziki ikiumiminikia kutoka kila upande, mpaka wenyeji walipokufuru neema hizo wakaonjeshwa njaa na hofu. Na kuna hadithi mashuhuri, aliyoipokea Tirmidhi, kwamba aliyeamka akiwa na amani nyumbani kwake, na afya mwilini, na chakula cha siku yake, ni kama aliyekusanyiwa dunia yote. Kipimo cha hadithi hiyo ni kidogo mno, siku moja tu. Hakitaji ghala wala urithi. Nadhani ndiyo maana kilieleweka vizuri na watu waliopiga kambi: safari nayo hupimwa kwa siku, na mwenye safari hujiona tajiri akifika jioni na mzigo wake, viungo vyake na unga wa kesho.

Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 kumtafuta Livingstone, na Mikese imo katika orodha ya vituo vyake, kati ya Mussoudi na Muhalleh, kabla ya kuufikia mji wa Kisabengo ambao yeye aliuita Simbamwenni. Hapo Muhalleh, kambi moja tu baada ya Mikese, alikutana na Salim bin Rashid, mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa akirejea pwani na pembe 300 za ndovu. Mtu huyu alimpa Stanley mchele, na akampa kitu cha thamani kuliko mchele, habari za Livingstone ambaye alikuwa ameonana naye Ujiji. Zawadi ile si lazima tuigeuze ibada. Lakini itazame pamoja na kile kilichofuata. Katika ngome ya Simbamwenni, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya binti wa Kisabengo, Stanley alidaiwa honga, yaani ushuru wa kupita, kama msafiri mwingine yeyote. Ndani ya kambi mbili za njia ileile tunaona mali ikitoka mikononi kwa namna mbili. Honga hulipwa kabla, hulipwa mwenye nguvu, na hulipwa ili asikudhuru. Mchele wa Salim bin Rashid ulitolewa na mtu aliyekuwa amekwisha kupita hatari kubwa, ukapewa mgeni asiyekuwa na uwezo wa kumfanya lolote. Amani ya njia ilikuwa na bei, na kila mkuu wa msafara aliijua kwa pima za kitambaa. Sadaka ndiyo iliyokuwa namna ya kukiri kwamba, baada ya bei yote kulipwa, bado kuna sehemu ya usalama ambayo hakuna mtu aliyekuuzia.

Tofauti hii kati ya honga na sadaka ndiyo uti wa hoja yangu, kwa hiyo nitaikaza kidogo. Mara nyingi husemwa kwamba shukrani za watu wa zamani zilikuwa bima tu: wanatoa ili wazidishiwe, wanachinja ili wasipatwe. Wenye kusema hivyo hutaja ahadi iliyomo katika sura ya Ibrahim kwamba anayeshukuru huongezewa, na hutaja pia dua za kinga, Halbadiri na kafara, ambazo kweli zilikuwepo na zipo. Sikatai. Msafiri aliyetoka Bagamoyo alijikinga kwa kila njia. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa mwaka 1903, ameeleza matayarisho ya safari za bara kwa urefu. Lakini kinga hufanywa wakati wa kuondoka. Sadaka ya shukrani hufanywa wakati wa kufika, ambapo kwa hesabu ya mfanyabiashara haina faida tena: hatari imepita, mzigo umeuzwa, wapagazi wametawanyika. Bima haikatwi baada ya jahazi kutia nanga. Anayetoa wakati huo anakiri deni.

Masika ya mwaka 1872 yaliifundisha nchi hii jambo jingine. Mwezi Aprili kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na pwani, na mvua iliyofuatana nacho ikaufurisha mto Ngerengere. Stanley aliporudi kutoka Ujiji alikuta vijiji vya bondeni vimefagiliwa, na ukuta wa mawe wa Simbamwenni, ambao mwaka mmoja kabla ulimshangaza kwa uimara, umebomolewa upande mmoja na maji. Mtu mwenye haraka angeshika aya ya An-Nahl na kusema: ndio hao waliokufuru neema. Naona huo ni usomaji mbaya wa aya na wa historia. Maji hayakuchagua ngome ya wakamata watu peke yake. Yaliwachukua pia wakulima wa kandokando ya mto ambao hawakumkamata yeyote, na pengine baadhi yao walikuwa watumwa. Aya inauzungumzia mji ulioonywa ukakaidi, haimpi kila mtu ruhusa ya kuhukumu kila mafuriko. Ninachokiona katika tukio hilo ni kidogo zaidi, ila kina uhakika: ukuta ulikuwa jaribio la kuwa na chakula na amani pamoja kwa kuwafungia wengine nje, na jaribio hilo halikudumu hata kizazi kimoja baada ya mjenzi wake.

Njia ya pili ya kuziunganisha neema hizo ilikuwa ya wenyeji wenyewe, nayo ni ya zamani kuliko Uislamu. Waluguru hufuata ukoo wa upande wa mama. Kila ukoo ulikuwa na ardhi yake, mkuu wake, na makaburi ambako tambiko lilifanywa kwa unga na pombe ili wazee waliokufa walete mvua. Juu ya koo hizo walikuwepo wenye sifa ya kuleta mvua, mashuhuri kuliko wote Kingalu wa Kinole, na katika milima hiyo limo pango la Kolelo, ambako hata wazee wa Uzaramo walituma wajumbe wao nyakati za ukame. Haya yalikuwa mambo mazito, na wamisionari na watawala wa Kijerumani walijifunza uzito wake wakati wa Vita vya Majimaji mwaka 1905, jina la Kolelo lilipotajwa Uzaramo pamoja na habari za dawa. Sasa mpinzani wangu wa pili anauliza: je, sadaka ya mavuno ya Waislamu wa chini ya mlima si tambiko lilelile lililovishwa kanzu? Badala ya pombe umeweka uji na tende, badala ya jina la babu umeweka ubani na Fatiha. Mpinzani huyu ana washirika wa pande mbili zisizopatana, watafiti wa mila wanaofurahia kuona ya kale yakidumu, na mashehe wanaochukizwa na jambo hilohilo.

Jibu langu ni kwamba umbo lilirithiwa, lakini waalikwa walibadilika, na waalikwa ndio kiini. Tambiko ni la ukoo. Hata mgeni akiwepo hana nafasi pale, kwa sababu anayeombwa si babu yake na ardhi inayoombewa si yake. Tena tambiko kwa kawaida ni ombi, hufanywa mvua ikichelewa au ugonjwa ukizidi. Katika kituo cha njiani mpangilio huo hauwezi kufanya kazi. Mikese pangeweza kulala usiku mmoja Mnyamwezi mwenye mzigo wa pembe, Mzigua muuza chumvi, Mkutu aliyeshuka na kuku wa kuuza, mwana wa pwani na kikoi chake, na mwanamke aliyekombolewa asiyejua tena kwao ni wapi. Ukiwaambia watambike, watatambika wapi? Sadaka ya Kiislamu haikuhitaji kaburi la mtu yeyote wala mpaka wa shamba. Ilihitaji jina la Mungu, mtu wa kusoma dua, na sufuria. Aliyesilimu na asiyesilimu walikula sinia moja, na wengi walianza kwa kula kabla ya kuamini. Watu hutaniana kwamba fulani anafuata ubwabwa tu kwenye maulidi. Mzaha huo una ukweli wa kihistoria ambao haustahili aibu, maana mkusanyiko uliokusudiwa kumlisha asiyestahili ndio uliomfanya mgeni awe mwenyeji.

Nimeahidi kulijibu swali la watumwa. Kabla hajafika Mikese, Stanley alipishana na kundi la watumwa waliofungwa minyororo wakipelekwa pwani. Kwa hiyo katika njia hiyohiyo aliyefika salama na kutoa sadaka huenda aliwafikisha watu wengine wakiwa bidhaa, na Alhamdulillah yake ilisikika kando ya mnyororo. Hakuna namna ya kulipamba jambo hili. Utetezi wa kawaida, kwamba sheria iliamuru watumwa watendewe wema na kuhimiza kuwaacha huru, ni kweli kwa upande wa sheria na hautoshi kwa upande wa historia; biashara ile ilivunja vijiji vizima vya watu ambao sheria hiyohiyo haikuruhusu wakamatwe ovyo. Lakini kutoka hapo kusema kwamba desturi ya shukrani ilikuwa ya mabwana peke yao ni kosa la pili. Mtu aliyeifanya tarika ya Kadiria kuwa na nguvu Bagamoyo, Sheikh Yahya bin Abdallah anayejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtoto mtumwa. Alisoma, akawa mwanazuoni, akawa khalifa wa tarika, na wakati wa utawala wa Waingereza akawa Liwali wa mji uleule alioingia kama mali ya mtu. Alifariki mwaka 1931. Wanafunzi wake na wa mashehe wengine wa tarika ndio waliopeleka zikri na maulidi katika vijiji vya bara, na wengi waliowaitikia walikuwa watu wa asili ya utumwa, wapagazi na maskini wa pembezoni. Hao hawakuwashukuru waliowakamata. Waliichukua ibada ya mabwana wakaiondoa mikononi mwa mabwana: katika duara ya zikri hakuna aliyeuliza nani alimnunua nani, na sinia liliwekwa mbele ya wote. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922. Kwa miaka mingi kabla ya sheria hiyo, sahani ilikuwa imetangulia mbele ya serikali.

Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, na kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba chakula na amani vimekutana hatimaye. Wawindaji wa watu walikuwa wamekwisha, mazao yalipata njia, mashamba ya mkonge yalihitaji mikono. Kisha ikaja vita. Waingereza waliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na Mikese, kwa sababu ya stesheni yake, ikafanywa mwanzo wa njia ya kupeleka mahitaji ya jeshi kusini, Dutumi hadi Rufiji. Brigedi ya Nigeria, yenye Wahausa wengi ambao nao ni Waislamu, ilishukia hapo mwisho wa mwaka huo ikaendelea kwa miguu. Mvua za mwanzoni mwa 1917 ziliigeuza njia kuwa tope, magari yakakwama, na mizigo ikarudi vichwani mwa watu. Rekodi za Waingereza wenyewe zinahesabu wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na utapiamlo. Katika miezi ile Mikese huenda palikuwa na chakula kingi kuliko wakati wowote wa historia yake, magunia juu ya magunia, na hakuna aliyekuwa salama. Hapa ndipo shukrani inapopata mtihani wake mgumu kabisa, maana aliyerudi hai alirudi peke yake. Amshukuru Mungu kwa kuokoka, na jirani yake je, aliyebaki kando ya njia ya Dutumi? Desturi ililijibu swali hilo kwa vitendo zaidi kuliko kwa maneno. Hitima ya waliokufa na sadaka ya waliorudi hufanana sana: kisomo kilekile, chakula kilekile, watu walewale. Anayeshukuru hulazimika kuketi na anayelia. Sioni kama ni bahati kwamba miaka iliyofuata vita, yenye njaa na homa ya mafua ya 1918, ndiyo miaka ambayo Uislamu ulienea kwa kasi katika vijiji vingi vya mashariki ya Tanganyika, na kwenye makambi ya mkonge ambako manamba walioletwa kutoka mbali walikuwa tena watu wasio na ukoo mahali walipolala.

Pingamizi la wakati wetu linatoka ndani ya dini yenyewe. Watu wa Ansaar Sunna na wengine wenye mtazamo huo wanasema: shukrani aliyoifundisha Mtume ni sijda, ni kauli njema, ni utii, na kwa mali ni zaka, haya ya masufuria na maulidi ya Barzanji baada ya mavuno ni bidaa, na juu yake ni mzigo, kwani watu hukopa ili waonekane wametoa. Sehemu ya mwisho ya hoja yao ni ya kweli, na atakayeibeza atakuwa hajaona familia ikiuza mbuzi wa ada ya shule ili ipike pilau la jina. Kuhusu zaka, hata hivyo, hesabu yao ikikamilishwa inawageukia. Zaka ya mazao ni sehemu ya kumi kwa shamba la mvua na nusu ya hiyo kwa shamba la kumwagilia, lakini haiwi wajibu mpaka mavuno yafike wasaki tano, ambazo kwa makadirio ya kawaida ni kilo 650 hivi. Wakulima wengi wa miteremko ya Uluguru hawafikishi mahindi kiasi hicho. Tena katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wa nchi hii, zaka ya mazao huangukia nafaka na vyakula vikuu vinavyowekeka, pamoja na tende na zabibu. Ndizi hazimo. Nanasi halimo, machungwa hayamo, wala mdalasini, karafuu na pilipili manga vinavyoshuka kutoka milimani kila msimu. Thamani yake hurudi katika zaka iwapo tu fedha zake zitafikia kiwango na kukaa mwaka mzima, na fedha ya mkulima mdogo haikai mwaka. Maana yake ni kwamba neema kubwa ya milima hii, ile inayoonekana kwenye vikapu kando ya barabara, iko nje ya zaka kwa sheria. Ingebaki bila haki ya mtu mwingine ndani yake kama desturi isingeingilia. Sadaka ya mavuno ndiyo shukrani ya watu walio chini ya nisabu, kile kiwango cha zaka. Mtu anaweza kuipinga namna yake, akapendekeza vikapu vigawiwe bila kisomo, bila ngoma za dufu, bila gharama. Hilo ni jambo la kujadiliwa. Kuifuta kwa hoja kwamba zaka inatosha ni kuwaachia wenye mazao yasiyo na zaka wale peke yao.

Al-Ghazali, katika kitabu chake cha subira na shukrani, aliigawa shukrani katika ujuzi, hali ya moyo na kitendo, na hakuridhika na mbili za kwanza bila ya tatu. Qurani yenyewe, inapowataja watu wa Daudi, inawaamuru wafanye kazi kwa shukrani. Naikumbusha mizizi hii kwa sababu ya pingamizi la mwisho, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Katika Tanzania neno la kumshukuru Mungu kwa amani na utulivu hufungua karibu kila hotuba, ya harusi na ya serikali. Wako wanaosema, nao wana sababu, kwamba neno hilo limekuwa njia ya kuwanyamazisha watu: unalalamikia bei ya mbolea, unaambiwa ushukuru amani; unaulizia shamba lako, unaambiwa tazama nchi jirani. Ikiwa shukrani ni hiyo, basi ni afadhali isiwepo. Lakini rudi kwenye sura ya Quraish uangalie ni nani anayeambiwa. Hawaambiwi wenye njaa wa Makka, hawaambiwi watumwa wake. Wanaambiwa wenye misafara, walezi wa Nyumba, watu ambao biashara yao ilipita salama kwa sababu ya heshima ya mahali ambapo hawakupajenga wao. Deni la shukrani linamwangukia mwenye sinia kabla ya mwenye tumbo tupu. Na Mtume alifundisha kwamba asiyewashukuru watu hakumshukuru Mungu. Kwa kiongozi au mfanyabiashara maana yake ni kuwataja, na kuwalipa, wapagazi waliombebea amani hiyo. Mkubwa anayemtaka mdogo ashukuru ameishika aya kwa upande wa makali.

Mambo yanabadilika tena kwenye njia hii. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, nayo husimama Ngerengere na kisha Morogoro. Mikese inapitwa kwa kasi. Msafara ulilazimika kulala ili ule, na lori bado husimama dereva anywe chai, lakini treni hii haihitaji chochote kutoka kwa anayeitazama. Wageni wanaokuja na kukaa sasa ni wa aina nyingine. Wapo wanunuzi wa viwanja na mashamba kutoka Dar es Salaam, ambao wengine hujulikana kwa uzio kuliko kwa sura. Na wapo wafugaji walioingia Mkoa wa Morogoro na ng'ombe wao, wengi wao si Waislamu, ambao ugomvi wao na wakulima umekwisha kumwaga damu katika wilaya kadhaa za mkoa. Chakula kipo, barabara ipo, na hofu imerudi kwa sura ya nyayo za ng'ombe ndani ya mahindi na ya marungu usiku. Morogoro ina Chuo Kikuu cha Waislamu tangu mwaka 2005 na ina misikiti isiyohesabika, na katika kuta hizo mjadala wa kama maulidi ni bidaa utaendelea kwa raha zake. Ningependa mashehe wake watenge muda kwa suala jingine la fikihi ambalo wasomaji wa Barzanji na wapinzani wao wanaweza kulijibu pamoja: mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ghalani Mikese, na dua ikiwa inasomwa, je, Mmasai aliyepiga boma ng'ambo ya reli ni mgeni wa sinia hilo au si mgeni wake, na mwenye uzio aliyeko Dar es Salaam anadaiwa nini na watu wanaomlindia ukuta?